Samaki Gani Wakae Pamoja? Kuchagua Wakazi wa Tangi la Kwanza Mjini Kigoma

Mkazi wa Kigoma anayetaka kuanzisha tangi la samaki wa mapambo ana bahati na ana mtihani. Bahati yake ni kwamba anaishi kando ya Ziwa Tanganyika, lenye aina zipatazo 250 za samaki jamii ya sikilidi, ukoo ule ule wa perege na sato, ambao karibu wote hawapatikani kiasili mahali pengine popote duniani. Wapo watu Ulaya, Marekani na Japani wanaolipa fedha nyingi ili wafuge samaki ambao mtoto wa Katonga huwaona bure kati ya mawe anapoogelea. Mtihani wake ni kwamba wingi huo humfanya aamini kuwa samaki waliotoka ziwa moja lazima watapatana, au kuwa samaki yeyote mdogo na mwenye rangi anaweza kuchanganywa na mwenzake mwenye umbo kama lake. Imani hizo mbili zimeua samaki wengi wa wafugaji wapya, na ndizo makala hii inakusudia kuzifumua.

Kupatana kwa samaki si suala la upole peke yake. Samaki wawili wapole wanaweza kushindwa kuishi pamoja kwa sababu kila mmoja anataka maji ya namna yake, na samaki wawili wakali wanaweza kuishi miaka mingi katika tangi moja kwa sababu mmoja anatawala mawe na mwingine hana haja nayo. Kwa hiyo anayeanza asiulize kwanza ni samaki yupi mzuri. Aulize maji yanayotoka bombani kwake yakoje, kwa kuwa hilo ndilo jambo ambalo hawezi kulibadilisha kila wiki bila gharama na usumbufu.

Maji ya bomba mjini Kigoma hutoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali. Kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ambapo 7 ni katikati, karibu na uso wa ziwa hukaribia 9, yana chumvichumvi nyingi za madini, magnesi ikiwamo, na joto lake halibadiliki sana, kwani huwa kati ya nyuzi joto 24 na 27 hivi. Sasa tumchukue samaki anayeitwa neoni tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa na wekundu kuelekea mkiani, anayependwa kuliko karibu samaki wote wa matangi madogo. Asili yake ni vijito vya bonde la Amazoni, vyenye maji laini, yaani yenye madini machache, na ya asidi kidogo, ambapo pH huwa kwenye 6 au chini yake. Kipimo cha pH hupanda kwa mara kumi katika kila namba, hivyo kutoka 6 hadi 9 ni tofauti ya mara elfu moja. Anayemtia neoni katika maji ya Kigoma asishangae akiona rangi inapauka na samaki wanakufa mmoja mmoja hata kama hakuna aliyewagusa. Samaki huyo hana ugonjwa. Yuko katika maji asiyoyaweza.

Jambo hilo hilo hugeuka kinyume mtu akipanda treni kwenda Tabora, ambako maji ya Ziwa Victoria yanafika siku hizi. Maji hayo ni laini kuliko ya Tanganyika na yana madini machache, na samaki wa Kigoma akipelekwa huko atahitaji mfugaji aweke mawe ya chokaa ndani ya tangi au ndani ya kichujio ili maji yapate ugumu. Tena Tabora iko juu zaidi na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi, kwa hiyo hita ambayo Kigoma inaweza kukaa miezi bila kuwashwa, Tabora ni kifaa cha lazima. Ninalisema hili kwa sababu wafugaji wa miji hii miwili hubadilishana samaki na ushauri, na ushauri uliofanya kazi mji mmoja unaweza kuangamiza tangi zima katika mji mwingine.

Lipo jambo jingine la maji ambalo kwa Kigoma lina uzito wa pekee. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki nacho huoza na kuizalisha. Katika tangi lililokomaa, bakteria walioota kwenye mchanga, mawe na sponji ya kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa maji yanabadilishwa mara kwa mara. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kujijenga. Amonia yenyewe hukaa majini katika hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na kinachoamua ni pH na joto. Katika maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika joto hilo hilo, pH ikiwa 9, inazidi theluthi moja. Maana yake ni kwamba kiasi cha uchafu ambacho tangi la mahali pengine lingekivumilia, tangi la Kigoma halikivumilii. Anayejaza samaki siku ya kwanza, akasoma mahali kwamba "lita mbili zinatosha samaki mmoja", ataona samaki wakihema juu juu, matamvua yamewiva kama kidonda, naye atadhani kwamba wanapigana. Mara nyingi ugomvi wa wiki ya pili ni sumu ya amonia.

Baada ya maji, kitu cha kuangalia ni mdomo. Kanuni ya kwanza haina upole ndani yake: samaki anayeweza kumeza mwenzake atammeza, labda si leo mchana, lakini usiku taa zikizimwa. Mfano ulio karibu nasi ni Cyphotilapia frontosa, samaki wa mistari mipana myeusi mwenye nundu kwenye paji la uso, ambaye akiuzwa mdogo wa sentimeta 6 huonekana mtulivu kuliko wote tangini. Ni kweli ni mtulivu. Lakini hukua hata kuzidi sentimeta 30, na huko ziwani chakula chake ni pamoja na samaki wembamba wa Cyprichromis, anaowanasa alfajiri wakati wao bado wamezubaa na mwanga haujakaza. Mfugaji akiwaweka wote wawili pamoja kwa sababu "wote ni wapole", atakuwa ameandaa mlo wa polepole, na kila asubuhi atahesabu Cyprichromis mmoja pungufu bila kuona tone la damu wala pezi lililochanika.

Anayevua mwenyewe kwa kijavu kando ya mawe ana hatari nyingine ambayo mnunuzi wa dukani hana. Ziwa letu lina samaki anayeishi kwa kula magamba ya samaki wenzake, Perissodus microlepis, ambaye mdomo wake umepinda upande, wengine kushoto na wengine kulia, ili apate kumvamia windo lake kutoka nyuma kwa pembe inayofaa. Mtafiti wa Kijapani Michio Hori alichapisha mwaka 1993 uchunguzi wake juu ya samaki hao wa Tanganyika, akaonyesha kwamba pande hizo mbili hupokezana wingi, kwa sababu windo hujifunza kulinda ubavu unaoshambuliwa zaidi. Ni moja ya mambo ya ajabu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa kuhusu ziwa hili, na ninaamini kila shule ya Kigoma ingepaswa kulifundisha. Ila samaki huyo si wa tangi la mchanganyiko kwa namna yoyote, na udogo wake humfanya aingie wavuni bila kutambuliwa.

Mdomo una upande wa pili usiozungumzwa sana, nao ni chakula. Tropheus duboisi akiwa mchanga ni mweusi tititi, ametapakaa madoa meupe kama nyota, na hakuna anayemwona asimtake. Akikua madoa hutoweka, kichwa kinakuwa cha buluu na kiunoni anajifunga mkanda wa njano au mweupe. Samaki huyu hula mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya chakula hicho cha majani. Akiwekwa pamoja na samaki wanaolishwa nyama, minyoo au dagaa waliosagwa, naye atakula kwa pupa, kisha tumbo litavimba, ataacha kula, na baada ya siku chache atakuwa amekufa. Zaidi ya hayo, Tropheus hawafugwi wawili watatu. Wakiwa wachache, mwenye nguvu humwandama mnyonge mpaka amwue. Huhitaji kundi kubwa na tangi la lita 300 au zaidi ili ugomvi usimwelemee mmoja. Kwa maoni yangu si samaki wa mtu anayeanza, hata kama Kigoma anauzwa bei ndogo.

Sasa tufike kwenye makazi, ambapo ndipo penye siri kubwa ya tangi la mchanganyiko. Tangi la namna hii ni kama nyumba ya kupanga: wapangaji hawagombani kwa sababu ya kabila wala sura, wanagombana kwa ajili ya chumba, kizingiti na ua. Samaki wa Tanganyika wameishi mamilioni ya miaka wakigawana ziwa kwa nafasi, wengine juu ya mchanga, wengine ndani ya nyufa za miamba, wengine ndani ya makombe matupu ya konokono, na wengine wakielea katikati ya maji bila kumiliki chochote. Anayechagua samaki mmoja kutoka kila nafasi hupata amani. Anayechagua aina nne zote za nyufa, hata kama kila moja imeandikwa kwamba ni pole, hupata vita, kwa kuwa tangi lina pembe nne tu.

Mwone Lamprologus ocellatus kwa karibu, samaki asiyezidi kidole cha mtu mzima, mwenye macho ya kutokeza na doa la kung'aa kwenye kifuniko cha matamvua. Akipewa kombe tupu juu ya mchanga, hulizunguka kwanza, akilichungulia mdomoni. Kisha huanza kuchota mchanga kwa kinywa upande mmoja na kuutema upande mwingine, halafu hutumia mkia kuupeperusha mpaka kombe linazama, na mwishowe hubaki tundu peke yake likitazama juu. Hapo ndipo kwake. Mkono wa mfugaji ukiingia kusafisha kioo, atatoka na kuugonga kwa pua, ingawa mkono huo ni mkubwa kuliko yeye mara mia. Lakini ukitoka umbali wa shibiri mbili hivi, hana habari nawe. Ukali wake una mpaka unaoonekana, na samaki mwenye mpaka unaoonekana ndiye jirani anayeaminika.

Mlinganishe na Neolamprologus brichardi, samaki mzuri wa rangi ya maziwa ya chai mwenye mapezi yenye ncha ndefu nyeupe, ambaye wauzaji humwita wa kuanzia kwa sababu hafi ovyo. Ni kweli hafi ovyo. Jozi moja ikizaa kwenye mawe, vifaranga wa mzao wa kwanza hawafukuzwi. Hubaki kuwasaidia wazazi kulinda wadogo zao wa mzao wa pili, na wa tatu, na kila mzao eneo linalolindwa linapanuka. Ziwani familia kama hiyo huishia pale mwamba wa jirani unapoanza. Ndani ya tangi hakuna mwamba wa jirani, na baada ya miezi kadhaa samaki wengine wote husukumwa kwenye kona moja ya juu. Huyu afugwe peke yake na jamaa zake, na hapo atamfundisha mfugaji mengi kuliko tangi lenye aina kumi.

Kwa kufuata hesabu hiyo ya nafasi, tangi la samaki wa ziwani ambalo ningemshauri mtu wa kuanza nalo lina wakazi wa aina tatu tu. Liwe refu zaidi ya kuwa la kwenda juu, tuseme sentimeta 120 kwa 45 kwa 45, ambazo ni takriban lita 240. Fundi wa meza aelezwe kwamba maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 240 hivi kabla ya mawe na vioo. Upande mmoja pawekwe mchanga wazi wenye makombe kumi au zaidi kwa ajili ya dume mmoja wa ocellatus na majike wawili watatu. Upande wa pili mawe yapangwe yawe na nyufa, yakae juu ya sakafu ya tangi kabla mchanga haujamwagwa, maana samaki hawa huchimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga huanguka. Hapo ataishi jozi moja ya Julidochromis ornatus, samaki mwembamba wa mistari, na wakishajozika mawe yao yasihamishwe kwa ajili ya kupendezesha, kwa kuwa jozi ikivurugiwa nyufa zake huweza kugeukiana na mmoja akauawa. Katikati ya maji wapite Cyprichromis leptosoma wanane au kumi, madume wachache na majike wengi, ambao hawana haja na jiwe wala kombe. Hawa huruka, hivyo mfuniko ni lazima. Makombe si lazima yatolewe ziwani, ambako ni nyumba za wengine. Ya konokono wa shambani yakichemshwa na kusuguliwa vizuri hufaa, mradi mdomo wake umtoshe samaki.

Asiyetaka kupitia hayo yote anayo njia nyingine nzuri, nayo haina aibu yoyote. Samaki wanaozaa vifaranga hai, yaani gapi, plati na moli, asili yao ni Amerika ya Kati na kaskazini ya Amerika ya Kusini, na huyapokea maji magumu ya alkali vizuri kuliko neoni na jamaa zake. Kwao lita 100 zinatosha kuanzia. Shida yao si ugomvi wa eneo bali ni usumbufu wa madume kwa majike, kwa hiyo kila dume awe na majike wawili au watatu, na mimea mingi iwepo ili jike apate pa kujificha. Wasichanganywe na samaki wanaodonoa mapezi, kama babi wa mistari, kwa sababu mkia wa gapi huwavutia mno. Wasichanganywe pia na wale wa ziwani, maana ocellatus na Julidochromis huwaona gapi kuwa wavamizi wasio na adabu, tena vifaranga wao ni chakula. Jike wa gapi huweza kutunza mbegu za dume kwa miezi, hivyo hata jike aliyenunuliwa peke yake anaweza kuzaa mara kadhaa.

Njia yoyote itakayochaguliwa, samaki wasiingizwe siku moja. Tangi likishakomaa waanze wanyonge na wasio na eneo, kisha wamiliki wa maeneo waingie mwisho, kwa kuwa anayefika wa kwanza hudhani tangi zima ni lake. Maji ya bomba yaachwe wazi siku nzima yakipigwa hewa ili klorini itoke. Wiki za kwanza mfugaji asitazame wanaopigana tu, amtafute anayeonewa, na huyo ana dalili zake: hukaa kona ya juu karibu na bomba la kichujio, mapezi ameyabana mwilini, rangi imefifia, na chakula kikimwagwa huchelewa kuja au haji kabisa. Mkia uliochanika mara moja hupona. Samaki aliyejibanza kwenye kona hiyo kwa siku mbili atolewe, kwa maana mara nyingi hatapatana na wenzake, hata akipewa muda wa kuzoea.

Kuhusu kuvua mwenyewe, ukanda wa maji wenye upana wa kilometa 1.6 mbele ya Milima ya Mahale ni sehemu ya hifadhi ya taifa, na uvuvi wa kuuza uko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, hivyo ofisi ya uvuvi ya halmashauri iulizwe kabla wavu haujaloa.

Limebaki la ziada, kwa maana kila tangi linalokwenda vizuri huzaa kupita nafasi yake. Gapi, plati na moli wasipelekwe ziwani, wala Mto Luiche, wala mtaro unaoelekea huko, hata kama ni watatu tu na hata kama huruma ndiyo inayosukuma. Gapi walisambazwa nchi nyingi duniani ili wale viluwiluwi vya mbu, na mahali pengi wamegeuka kero kwa samaki wenyeji. Ziwa Victoria nalo linajua kilichotokea baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950, wakati aina nyingi za samaki wadogo zilipopungua na nyingine kutoweka. Hata samaki wa ziwani wenyewe, kama walinunuliwa kutoka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, au upande wa Zambia, wasimwagwe Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, kwa sababu spishi moja ya Tropheus huwa na rangi tofauti kutoka ufuko hadi ufuko, na mchanganyiko huo ukishafanyika hauchambuliki tena. Wa ziada wapewe mfugaji mwingine au muuzaji. Maji yanayotolewa wakati wa kubadilisha yamwagwe mbali na mtaro, juu ya mchicha au chini ya migomba, kwa kuwa nitrati iliyomo ni mbolea.